Zamu ya Mwanga

Majira ya baridi ya mwaka wa tisini na tatu,
umeme ulipotujia saa moja kwa siku, na siku nyingine usije,
Varazdat alipandisha mlimani betri ya gari lake
juu ya kigari cha theluji cha wanawe.
Gari halina petroli, alisema, acha betri ipate kazi.

Tukafungua kuba kwa mikono.
Mnyororo uling'ata glavu zangu.
Chini, bonde lote la Ashtarak lilikuwa jeusi kama kitako cha chungu,
na juu (niseme kweli, aibu na iwe yangu)
sijapata kuona anga safi vile.

Nyota yetu haikuwa na jina, ila tarakimu sita daftarini.
Ya manjano, ya kadiri, ndugu wa jua letu kwa sura,
na darubini yetu ikodoe vipi, ni nukta tu,
huwezi kuiona ikigeuka.
Lakini ina madoa.
Doa likija upande wetu mwanga hupungua,
likienda kisogoni mwanga hurudi.
Hupungua kiasi gani? Katika punje mia mbili za mchele, ondoa moja.
Ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta, vidole vimekufa ganzi:
punje moja.

Nyota, kisha jirani yake asiyebadilika, kisha nyota tena.
Sindano, namba, penseli, maana wino uliganda.
Usiku wa mawingu niliandika "mawingu".
Usiku betri ilipokata roho niliandika "betri".
Usiku wa mazishi ya mke wa Varazdat sikuandika kitu;
nafasi ile ipo bado.

Machi nikachora nukta zote kwenye karatasi ya miraba.
Kushuka, kupanda, kushuka: siku kumi na tatu.
Nikashangilia. Kijana huyu, tazama anavyokimbia!
Maana nyota changa huzunguka kama pia,
kisha upepo wake wenyewe huinyang'anya kasi;
haba na haba hujaza kibaba,
haba na haba vilevile hukikomba.
Ukijua mwendo, umeukaribia umri.

Varazdat akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi.
Akanyamaza mpaka chai ikapoa.
"Mabonde yako, Nvard, hayalingani.
Moja lina kina, linalofuata ni la juujuu,
kisha lenye kina tena.
Hilo si doa moja linalorudi upesi.
Ni mawili, yamepeana kisogo.
Hesabu mpaka lile la kwanza lirudi."

Ishirini na sita.
Mtu wa makamo, basi, kama jua letu,
atembeaye mikono nyuma.

Usiku ule sikulala. Nilisimama mlangoni,
na bonde likafanya jambo ambalo majira yote sikulitambua:
kipande kikawaka, kikazima, cha pembeni kikawaka.
Mitaa ilikuwa ikipokezana umeme,
na ofisi ya umeme haikumpa mtu ratiba.
Mama aliamka kila saa kujaribu swichi,
unga umekandwa, jiko baridi.

Nikafungua ukurasa mpya.
Mtaa wa Mama, nyuma ya kanisa, usiku kumi na minne.
Nilikaribia kuandika: kila usiku wa tatu, saa tisa.
Nikakumbuka ile miwani ya uzi, nikatazama tena.
Mwanga mrefu, mwanga mfupi, mrefu.
Mfupi ni dakika kumi, mkate hauivi.
Mrefu ni kila usiku wa sita.

Nikamtuma mtoto wa muuza jibini na kikaratasi:
*Alhamisi, saa tisa usiku. Usiamke kabla.*

Alhamisi niliielekeza darubini ndogo, ile ya kutafutia,
chini badala ya juu.
Saa tisa na dakika nne dirisha likawaka.
Kivuli kikapita mbele yake, mwanga ukapungua kidogo,
kikaondoka, kikapita tena.
Nikahesabu.